Kusafisha utumbo mpana kabla ya upasuaji: jua uko kwenye njia ipi, kisha ikamilishe

Tatizo ni lile lile kila mara. Mgonjwa anafika asubuhi ya upasuaji akiwa amekesha chooni, amekunywa nusu ya dawa, nyingine imemshinda, na choo chake bado ni majimaji ya kahawia yenye vipande. Mwingine amefuata maelekezo ya jirani aliyefanyiwa upasuaji hospitali nyingine, kumbe njia yake yeye ni tofauti kabisa. Upasuaji unaahirishwa, au unafanyika utumbo ukiwa katika hali mbaya kuliko kama asingekunywa chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyepangiwa tarehe ya upasuaji wa utumbo mpana: saratani, uvimbe, utumbo uliokuwa unajisokota, au kurudishiwa njia ya haja baada ya kutumia mfuko wa choo. Hauhusu upasuaji wa dharura wala watoto. Palipo na tofauti kati ya ninayoandika hapa na karatasi uliyopewa hospitalini kwako, fuata karatasi, na tofauti hiyo iulizie.

## Mahitaji

Yaandae siku mbili kabla. Ukishaanza kunywa dawa hutatoka nyumbani.

- Maelekezo yaliyoandikwa: jina la dawa, saa ya kuanza, saa ya kuacha kula na kunywa, na namba ya simu ya wodi. Kama uliambiwa kwa mdomo tu, rudi ukaandikiwe.
- Dawa ya kuharisha uliyoandikiwa, yaani inayokufanya uharishe, si ya kuzuia kuharisha, kiasi kamili.
- Vidonge vya antibiotiki, kama vimo kwenye maelekezo yako.
- Jagi au chupa yenye alama za lita, na glasi ya mililita 250.
- Vinywaji vinavyopitisha mwanga: maji, chai ya rangi, supu ya kuku iliyochujwa vizuri na kuondolewa mafuta, juisi ya tufaha, pakiti za ORS. Visiwe vyekundu wala vya zambarau, kwani rangi hiyo chooni huonekana kama damu.
- Choo cha karibu chenye maji ya kutosha. Ukikaa nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, zungumza na wenzako mapema.
- Beseni au ndoo nyeupe. Umuhimu wake utauona kwenye hatua ya 6.
- Vaselini ya kupaka sehemu ya haja kubwa kabla haijachubuka.
- Mtu mzima wa kukaa nawe hadi asubuhi.

## Hatua ya 1: Jua uko kwenye njia ipi

Njia kuu ni nne. Zinazungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo wengi wanapotea.

Kutosafisha kabisa. Unakula chakula chepesi, unafunga kwa saa ulizoambiwa, unaingia chumba cha upasuaji. Wagonjwa wengi hudhani daktari amesahau. Hajasahau. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa zaidi ya 1,400, ulilinganisha waliokunywa dawa ya kuharisha na ambao hawakunywa. Maungio ya utumbo, yaani pale unaposhonwa baada ya kukatwa, yalivuja karibu sawa pande zote mbili: asilimia 4.8 kwa waliosafishwa na 5.4 kwa wasiosafishwa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Faida ya njia hii ni kwamba unaingia kwenye upasuaji ukiwa na nguvu, na chumvi na maji mwilini havijavurugika.

Dawa ya kuharisha peke yake. Imezoeleka sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Inaondoa kinyesi, lakini bakteria wanaoishi kwenye ukuta wa utumbo wanabaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, linasema dawa ya kuharisha isitumike peke yake kwa ajili hiyo kwa watu wazima wanaopangiwa upasuaji wa utumbo mpana. Upasuaji wa puru, yaani sehemu ya mwisho karibu na njia ya haja, ni habari nyingine. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2010 kwa wagonjwa wa saratani ya puru ulikuta maambukizi mengi zaidi kwa ambao hawakusafishwa.

Dawa ya kuharisha pamoja na antibiotiki za kumeza. Dawa ya kwanza inatoa kinyesi, vidonge vinapunguza bakteria waliobaki. Huu ndio mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani linaupendekeza, na chama cha madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana cha Marekani nacho kinaupendekeza. Si kila utafiti umeukubali. Ule wa Finland wa mwaka 2019, wenye wagonjwa karibu 400, ulilinganisha mchanganyiko huu na kutosafisha kabisa: maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 7 dhidi ya 11, tofauti ambayo watafiti walisema haitoshi kuthibitisha faida. Ndiyo maana utakuta madaktari wawili wazuri, hospitali mbili tofauti, wakikupa maelekezo yasiyofanana.

Antibiotiki za kumeza peke yake. Hakuna kuharisha, hakuna kukesha. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2020 ulitoa siprofloksasini na metronidazoli siku moja kabla, bila dawa ya kuharisha, na maambukizi ya kidonda yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 5. Kwa mzee dhaifu, au mwenye figo au moyo usiohimili kupoteza maji, njia hii inastahili kuzungumzwa na daktari.

Ipo pia enema, yaani maji au dawa inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Inasafisha sehemu ya mwisho tu, upande wa kushoto na puru. Kama unakatwa utumbo wa upande wa kulia, karibu na kidole tumbo, enema haifiki huko.

Sasa uamuzi. Daktari ataangalia sehemu ya utumbo itakayokatwa, kama ataunganisha papo hapo, kama atahitaji kuingiza kamera akiwa anaendelea na kazi ili apate uvimbe mdogo, na uimara wa figo zako. Wewe si wa kuchagua peke yako, lakini una haki ya kuelewa. Maoni yangu ni wazi: ukikuta umeandikiwa dawa ya kuharisha bila antibiotiki za kumeza, uliza. Swali linaweza kuwa la heshima na fupi: "Daktari, samahani, naona nimeandikiwa dawa ya kusafisha tumbo tu. Je, na vidonge vya antibiotiki navihitaji, au kwangu kuna sababu ya kutovitumia?" Huenda sababu ipo. Huenda pia karatasi ni ya zamani.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza ndugu yako kwa sentensi moja: niko njia ipi, naanza saa ngapi, namaliza saa ngapi.

## Hatua ya 2: Taja maradhi na dawa zako zote

Fanya hivi wiki moja kabla, si siku moja kabla.

Ugonjwa wa figo, moyo kushindwa kufanya kazi, ini na mzio wa dawa vinabadilisha dawa utakayopewa. Antibiotiki iitwayo neomaisini kwa mfano inaweza kuumiza figo na masikio, na nyingine iitwayo erithromaisini inagombana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za moyo. Mjamzito na anayenyonyesha waseme pia.

Vidonge vya madini ya chuma kwa kawaida husimamishwa wiki moja kabla. Vinafanya choo kiwe cheusi na cha kunata, hakisafishiki kirahisi.

Dawa za kisukari zinahitaji mpango ulioandikwa. Siku ya kuharisha huli, kwa hiyo insulini ya kipimo cha kila siku inaweza kukuangusha kwa upungufu wa sukari. Zile za kundi la dapagliflozini na empagliflozini husimamishwa siku 3 kabla ya upasuaji, kwa sababu ukizimeza ukiwa umefunga damu inaweza kujaa asidi hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri.

Dawa za presha zinazokojoza, na za kuzuia damu kuganda kama warfarini, usiziache wala kuendelea nazo kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayepanga tarehe.

Onyo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu: kama tumbo limejaa na kukaza, unatapika, hupitishi haja wala hewa, usinywe dawa ya kuharisha. Huenda utumbo umeziba. Dawa itasukuma, mbele pamefungwa, na utumbo unaweza kupasuka. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hili linawahusu hasa waliowahi kupata utumbo kujisokota, tatizo ambalo Afrika Mashariki tunalo sana. Baada ya kunyooshwa kwa mpira unaoingizwa kupitia njia ya haja na kupangiwa upasuaji, utumbo unaweza kujisokota tena wakati wowote wa kusubiri.

## Hatua ya 3: Punguza makapi siku 2 au 3 kabla

Lengo ni chakula kisichoacha mabaki mengi. Wali mweupe, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa na kuchemshwa, mayai, samaki, kuku bila ngozi, na ugali wa sembe kwa kiasi vinafaa.

Acha maharage, makande, mahindi ya kuchoma, dona, mchicha, kisamvu, sukuma wiki, karanga, na matunda yenye mbegu ndogo kama pasheni, mapera na nyanya. Mbegu hizo dawa haiziyeyushi. Zinakaa kwenye mikunjo ya utumbo na kuziba mipira ya kunyonyea maji.

Usifunge kula kabisa siku zote tatu ukidhani unarahisisha kazi. Kidonda kinahitaji mwili wenye akiba, na wagonjwa wa saratani wengi tayari wamekonda.

## Hatua ya 4: Kunywa dawa ya kuharisha, yote

Kama njia yako haina dawa hii, ruka hadi hatua ya 5.

Siku moja kabla ya upasuaji, kifungua kinywa chepesi kinaweza kuruhusiwa. Baada ya hapo ni vinywaji tu.

PEG, unga wa lita nyingi. Unachanganywa na maji, mara nyingi lita 4. Zipo za lita 2. Ndiyo salama zaidi kwa chumvi za mwili kwa sababu maji yake hayanyonywi sana, yanapita. Kazi yake ni wingi. Changanya mapema uweke kwenye friji kama unayo, maana ya baridi hunyweka kirahisi. Kunywa glasi moja ya mililita 250 kila dakika 15, ambayo ni lita 1 kwa saa. Kunywa kwa mkupuo badala ya kuonja onja, kwani ladha ya chumvi ndiyo inayowashinda watu. Kwa upasuaji wa asubuhi anza mapema siku iliyotangulia, si usiku.

Usiongeze sukari, asali wala soda ndani yake. Vipimo vya unga huo vimepangwa ili maji yapite bila kuingia mwilini.

Sodiamu pikosalfeti yenye magineziamu. Pakiti mbili, kila moja kwenye takriban mililita 150 za maji. Ukikoroga, kikombe kinapata moto mkononi. Ni kawaida, subiri kipoe. Pakiti ya kwanza asubuhi, ya pili saa 6 hadi 8 baadaye. Dawa ni kidogo, lakini inavuta maji kutoka mwilini mwako, hivyo lazima unywe glasi ya kinywaji kila saa. Kunywa na ORS au supu yenye chumvi, usitegemee maji matupu pekee: maji mengi bila chumvi hushusha sodiamu kwenye damu, na mtu huanza kuchanganyikiwa au kupata degedege. Mwenye figo mbovu haifai kwake.

Bisakodili. Vidonge vya miligramu 5, mara nyingi huongezwa kwenye mojawapo ya hizo mbili. Meza vizima. Usivisage, na usivimeze karibu na maziwa au dawa za kiungulia, kwani ganda lake litayeyuka tumboni na kukusokota vibaya.

Za kuepuka: chumvi za fosfeti za kunywa, ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo kali Desemba 2008 kwa kuharibu figo, mannitoli, ambayo bakteria huigeuza gesi inayoweza kulipuka daktari anapotumia kisu cha umeme, na enema za maji ya sabuni, ambazo huchubua utumbo. Mafuta ya nyonyo na mitishamba ya kusafisha tumbo visiongezwe juu ya dawa ya hospitali.

Dawa nyingine unazotakiwa kuendelea nazo, zimeze angalau saa moja kabla ya kuanza. Ukizimeza katikati ya kuharisha zitatoka nazo.

Ukipata kichefuchefu: simama nusu saa, tembea tembea, nywa chai ya rangi yenye joto, kisha rudi ukinywa polepole zaidi. Kuhisi baridi na kutetemeka kidogo baada ya lita mbili tatu za maji baridi ni kawaida, jifunike. Kutapika mara kwa mara, tumbo kukaza, kizunguzungu cha kuanguka, moyo kwenda mbio au damu chooni si kawaida. Acha kunywa, piga simu wodini.

Na kwa nini nasisitiza yote? Kwa sababu ya jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi. Kinyesi kigumu kikikutwa ndani ya utumbo, daktari anaweza kukisogeza pembeni kikabaki humo. Kinyesi cha majimaji hakizuiliki. Utumbo ukifunguliwa kinamwagika tumboni. Aliyesafisha nusu amejitengenezea hali hiyo. Ukiona huwezi kumaliza, usinyamaze hadi asubuhi. Sema usiku huo huo ili daktari abadilishe mpango.

## Hatua ya 5: Meza antibiotiki kwa saa yake

Antibiotiki hizi zinafanya kazi ndani ya utumbo. Zikimezwa wakati mafuriko yamepamba moto, zinapita bila kugusa chochote. Ndiyo maana dawa ya kuharisha hutangulia, na vidonge hufuata utumbo unapokaribia kuwa safi.

Ratiba inayojulikana sana, kwa upasuaji wa saa 2 asubuhi, ni neomaisini gramu 1 pamoja na erithromaisini gramu 1, saa 7 mchana, saa 8 mchana na saa 5 usiku wa siku iliyotangulia. Hospitali nyingi huweka metronidazoli, ile wengi wanaijua kama Flagyl, badala ya erithromaisini. Wewe fuata dozi ya karatasi yako. Weka kengele ya simu, hasa kwa dozi ya usiku, ambayo ndiyo husahaulika mtu akiwa amepitiwa na usingizi wa uchovu.

Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni na huweza kuleta kichefuchefu. Usiguse pombe. Ukitapika vidonge ndani ya nusu saa, piga simu kabla ya kurudia.

Vidonge hivi havichukui nafasi ya sindano ya antibiotiki. Hiyo utachomwa hospitalini muda mfupi kabla ya kukatwa, mara nyingi ndani ya dakika 60.

## Hatua ya 6: Angalia choo chako kwa macho

Hapa ndipo watu wanajidanganya. "Nimeharisha mara kumi na tano" si kipimo. Kipimo ni kile kilichotoka mara ya mwisho.

Choo cha kukaa chenye maji kinaonyesha vizuri. Cha shimo hakionyeshi kitu, na wagonjwa wengi wa kwetu wanatumia hicho. Ndiyo kazi ya lile beseni jeupe: kuanzia mara ya tano au ya sita, jisaidie humo, peleka mwangani, angalia.

- Kahawia nzito, vipande: ndiyo kwanza unaanza.
- Kahawia ya majimaji, huoni sakafu ya beseni: endelea. Wengi huishia hapa.
- Rangi ya chungwa, bado na chenga: unakaribia, maliza dawa iliyobaki.
- Njano nyepesi kama mkojo, sakafu ya beseni inaonekana wazi: umefaulu. Nyuzi mbili tatu za ute hazina shida.

Ikifika njano kabla dawa haijaisha, uliza wodini kama uendelee, usijikatie mwenyewe. Ikiwa dawa imeisha na choo bado ni kahawia, toa taarifa usiku huo, ukieleza rangi, si idadi ya safari.

Mwenye mfuko wa choo tumboni ataona mabadiliko hayo hayo ndani ya mfuko. Avae ule unaofunguka chini, na aulize kuhusu kipande cha utumbo kisichotumika, kwani dawa ya kunywa haikifikii.

## Hatua ya 7: Usiku na asubuhi

Kosa linaloonea wagonjwa wengi ni kufunga kila kitu, hata maji, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 6 mchana wa kesho. Mtu aliyetoka kuharisha akifunga hivyo anafika na midomo mikavu, presha iko chini, mishipa haionekani. Utaratibu unaokubalika sasa kwa watu wengi ni kuacha chakula muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na vinywaji vinavyopitisha mwanga muda wa saa mbili kabla. Maziwa na uji vinahesabiwa kuwa chakula. Daktari wa usingizi anaweza kukupa muda mrefu zaidi kama tumbo lako huchelewa kumwaga chakula, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha miaka mingi.

Amka polepole, kaa kitandani kwanza kabla ya kusimama, hasa mzee. Wengi huanguka wakikimbilia chooni usiku, kwa hiyo taa iachwe inawaka na msindikizaji awe karibu.

Ukifika mapokezi, sema haya manne bila kusubiri kuulizwa: umekunywa kiasi gani cha dawa, umemeza dozi zipi za antibiotiki na saa ngapi, choo cha mwisho kilikuwa rangi gani, na kinywaji cha mwisho kilikuwa saa ngapi. Ukiruka dozi, sema umeruka. Kwa taarifa hiyo daktari anaweza kuongeza enema, kubadili sindano, kusogeza upasuaji wako mbele kwa saa chache, au kuamua kutokuunganisha utumbo siku hiyo.